Mahindi ya Bt: yakiruhusiwa kesho, utapanda?

Mwenye duka la pembejeo, Kitale

Nauza mbegu, mbolea na dawa za shamba hapa Kitale, na nina ekari tatu zangu za mahindi. Karibu kila wiki kuna mtu dukani anayeniuliza, "Hiyo GMO imefika?" Mmoja huuliza huku mkono uko mfukoni anatafuta pesa, mwingine huuliza akiwa ameshika mlango, tayari kutoka. Wanamaanisha mahindi yaliyobadilishwa jeni, yaani chembe za urithi. Wote nawajibu haijafika. Pamba ya Bt, iliyotiwa jeni ya kuua viwavi, wakulima wameipanda tangu 2020, lakini mahindi yamekwama mahakamani.

Msimamo wangu nautaja mapema, msije mkautafuta katikati ya maneno. Kula, nitakula. Kupanda, bado. Na sababu yangu haihusiani na ile hofu ya watu kwamba GMO inaleta saratani.

Hiyo saratani tuimalize haraka. Septemba 2012 Gilles-Éric Séralini na wenzake huko Ufaransa walitoa utafiti wa panya waliolishwa mahindi ya GMO, pamoja na picha za panya wenye uvimbe wa kutisha. Novemba mwaka huo huo baraza letu la mawaziri hapa Kenya likapiga marufuku vyakula hivyo kuingizwa nchini. Panya wenyewe walikuwa wa aina inayopata uvimbe uzeeni hata usipowafanya lolote, tena kumi kumi tu kwa kila kundi. Novemba 2013 jarida lililouchapisha utafiti huo likauondoa, ingawa 2014 ulichapishwa upya kwenye jarida jingine. Marufuku yetu ikabaki pale pale hadi tarehe 3 Oktoba 2022, ukame ukiwa umeshamaliza mifugo kaskazini. Mwezi uliofuata Moses Kuria, waziri wa biashara wakati huo, akasema nchi hii ina mengi ya kumuua mtu, hivyo hakuna ubaya GMO ikiongezwa kwenye orodha. Mzaha wa namna hiyo ulitutia hasara kuliko panya wote wa Ufaransa. Kuanzia hapo ni kortini tu: amri ya kusimamisha kuondolewa kwa marufuku, kesi moja ya wapingaji kutupwa 2023, nyingine kutupwa Novemba 2024, kisha Machi 2025 Mahakama ya Rufaa ikasimamisha tena mpaka rufaa isikizwe.

Sasa langu. Mahindi haya yametiwa jeni ya bakteria wa udongoni, Bacillus thuringiensis, ndiyo hiyo Bt. Mmea wenyewe unatengeneza protini inayotoboa utumbo wa kiwavi. Bungua, yule kiwavi anayetoboa bua la hindi, akianza kula, anakufa kabla hajaingia ndani ya bua. Aliyewahi kuinama mche kwa mche akitia dawa au majivu kwenye moyo wa hindi anajua hilo lina uzito gani. Lakini Afrika Kusini wamelima mahindi haya tangu mwishoni mwa miaka ya tisini, na bungua wao ni huyu huyu wetu. Mwaka 2007 ikaripotiwa kuwa bungua wa huko wamekuwa sugu. Wanaila Bt kama sukuma wiki.

Wakulima wale walikuwa wameambiwa: pembeni mwa Bt panda mahindi ya kawaida, asilimia 5 ya shamba usipoyapulizia dawa, au 20 ukipulizia. Hapo wadudu wasio sugu watapona, watapandana na walio sugu, na usugu utachelewa kuenea. Mimi sehemu hiyo naiita kimbilio. Wengi hawakuipanda, na wale ni watu wa mashamba makubwa wenye matrekta na wataalamu wa kuwapigia simu. Sisi wa ekari moja hadi tatu je?

Basi nauliza: yakiruhusiwa kesho, utapanda? Na kimbilio utaliweka wapi?

Muuguzi, Nakuru

Kaka, mimi ningesema ruhusu jana. Watu wanaapa hawataiweka GMO mwilini, halafu wodini kwangu mgonjwa wa sukari anachomwa insulini iliyotengenezwa na bakteria waliotiwa jeni ya binadamu. Dawa hiyo imetumika tangu 1982. Hakuna aliyewahi kuniomba insulini ya zamani, ile ya kongosho la nguruwe, kwa kuwa ndiyo ya asili.

Na jambo jingine msilolitaja: tunapokea watu waliovuta dawa ya wadudu wakipulizia bila barakoa, bila glavu, mtungi unavuja mgongoni. Viwavijeshi vamizi walipoingia 2017 kila mtu alinunua chochote kilichoandikwa "kali". Zao linalopunguza kupulizia linapunguza wagonjwa wangu.

Mama mkulima, Makueni

Mwanangu wa Kitale, wewe unanunua mbegu chotara kila msimu, kwa hiyo huoni kinachoniuma. Mimi nina Katumani, mahindi ambayo mbegu yake naihifadhi mwenyewe. Nachagua mahindi mazuri, nayaning'iniza jikoni juu ya moshi, mvua ikikaribia napukuchua. Mahindi huchavushwa na upepo. Jirani akipanda Bt upande wa juu, chavua inashuka kwangu, na mwaka unaofuata mbegu yangu si yangu tena. Sijasema itaniua. Nasema hakuna aliyeniuliza.

Hiyo Kiboko ambako mahindi haya yalijaribiwa iko kaunti yetu. Eneo lilizungushiwa ua na walinzi, na maua yalizuiwa yasichavushe ya nje. Mlipokuwa mkijaribu upepo ulikuwa hatari, mkianza kuuza upepo umekuwa rafiki?

Mwenye duka la pembejeo, Kitale

Mama, kwa hilo sina jibu. Tena nikuongezee: majaribio yalifanyika Kitale pia, na sijui jirani yangu hata mmoja aliyeitwa kuelezwa.

Dada muuguzi, insulini naikubali, na ndiyo maana nimesema kula nitakula. Lakini bakteria wa insulini wamefungiwa kwenye tangi kiwandani. Mahindi hayakai tangini. Ukichanganya hayo mawili utawashinda waoga wa saratani, na mama wa Makueni utakuwa hujamgusa.

Mkulima wa zabibu, Dodoma

Salamu kutoka Makutupora, jamani. Sisi mahindi ya GMO yalipandwa kwa majaribio hapa hapa kwetu tangu 2016, yale ya kustahimili ukame. Mwaka 2018 wizara ikaagiza yasimamishwe na mabaki yateketezwe. Januari 2021 waziri wa kilimo, Profesa Adolf Mkenda, akafunga kabisa utafiti huo. Wako waliopiga vigelegele. Mimi sikupiga, maana kuzuia kuuza ni kitu kimoja, kuzuia kujua ni kitu kingine. Leo mtu akiniuliza yalizaa kuliko ya kawaida au hayakuzaa, nitamjibu nini? Yamechomwa.

Ila nanyi Wakenya mtukumbuke. Mahindi yenu na yetu yanapita Namanga na njia za panya usiku na mchana. Mkiruhusu ninyi, mmeturuhusia na sisi.

Mwenye shamba, Kilifi

Mbona kila kitu mahindi? Huku kwetu kuna muhogo. Ugonjwa wa michirizi ya kahawia ndio unaotumaliza: majani unayaona mazuri, unapalilia mwaka mzima, siku ya kung'oa unapasua muhogo ndani umeoza rangi ya kahawia, hata mbuzi hautamani. Kuna muhogo uliofanyiwa uhandisi jeni kuhimili ugonjwa huo. Umejaribiwa na KALRO, shirika la utafiti wa kilimo, hapa Mtwapa pakiwemo, na mwaka 2021 Mamlaka ya Usalama wa Kibayolojia ikaukubali uende kwenye majaribio ya kitaifa.

Na muhogo hatupandi mbegu, tunapanda pingili. Pingili naikata kwangu nampa shemeji, shemeji anampa jirani, upepo haumo. Hofu ya mama wa Makueni kwetu ni ndogo sana. Mkifunga mlango kwa sababu ya mahindi, mnatufungia na sisi tusio na kesi.

Mwanafunzi, Nairobi

Lebo. Kanuni za kuweka alama kwenye bidhaa za GMO tunazo tangu 2012. Ziko sawa kwa unga wa pakiti wa supamaketi. Mamangu hununua mahindi sokoni kwa gorogoro, ule mkebe wa kupimia, na kusagisha mtaani. Nani atabandika lebo kwenye gorogoro? Anayesema "wananchi watachagua wenyewe" ana maana ya wananchi wa supamaketi.

Halafu tuache kuita kila kitu GMO. Kuku wa gredi si GMO. Nyanya kubwa si GMO. Hata kijana mnene shuleni mnamwita GMO.

Mkulima, Homa Bay

Nyinyi mnabishana kama vile kuna Bt au dawa tu. Huku Mbita, ICIPE, kituo cha utafiti wa wadudu, walitufundisha vuta-sukuma tangu miaka ya tisini: desmodiamu, mmea wa jamii ya kunde, katikati ya mistari inamfukuza nondo wa bungua kwa harufu, nyasi ya nepia kandokando inamvuta akatage huko. Kayongo, gugu linalonyonya mizizi ya mahindi, inapungua, ng'ombe anapata majani, udongo unapata naitrojeni. Ubaya wake ni mmoja: inataka mikono, na mwaka wa kwanza unalia. Na hakuna wa kuitangaza redioni, kwa sababu hakuna anayeuza pakiti yake kila msimu.

Wanaosema sayansi ikithibitisha basi tumemaliza, waulizeni watu wa Burkina Faso. Pamba yao ya Bt iliua wadudu vizuri tu tangu 2008, lakini nyuzi zikawa fupi, bei sokoni ikaanguka, na kufikia 2016 kampuni zao wenyewe za pamba zikairudisha ya zamani.

Mwenye duka la pembejeo, Kitale

Mzee wa Homa Bay umenipiga pabaya, maana mimi ndiye muuza pakiti. Desmodiamu sina dukani. Nitaagiza.

Wa Kilifi, nakubali bila ubishi: muhogo usimamie kesi yake wenyewe. Nilikosea kusema GMO kana kwamba ni kitu kimoja. Kwa mahindi bado nimesimama nilipokuwa. Haya ya kwetu yana jeni moja tu ya Bt. Afrika Kusini ilibidi walete aina yenye protini mbili baada ya ile ya kwanza kushindwa, na sisi tunataka kuanzia kule walikotoka. Wakiniletea mbegu bila mpango wa kimbilio, nitakuwa nauza kitu ambacho baada ya misimu kadhaa mteja atanirudishia kwa matusi.

Lakini hakuna aliyejibu swali langu. Kimbilio utalipanda wapi?

Mkulima, Moiben

Nikujibu mimi. Nina ekari moja na nusu, na Bt ningepanda yote mpaka kwenye mpaka wa jirani. Sitakudanganya ili nionekane mwema. Unaniambia niache mistari yangu iliwe na bungua ili bungua wa kaunti nzima wasiwe sugu. Watakaofaidi ni wote, atakayekosa debe mbili ni mimi. Mtu wa serikali akija na karatasi nitamwonyesha mahindi ya jirani niseme ndilo kimbilio langu, na jirani ataonyesha yangu. Nilipeni hiyo mistari kwanza, au mnipe hiyo mbegu ya kawaida bure ndani ya mfuko ule ule, halafu urudi uniulize.