Soketi ya Tukuyu ikikwama, vituo vyote vinasimama: naombeni ushauri wa PHP

Kijana wa Uyole: Wakuu, habari za majukumu. Nina skripti (programu fupi) ya lugha ya PHP hapa Mbeya inayopokea vipimo vya mvua kutoka Uyole, Mbozi na Tukuyu kupitia soketi za TCP (njia za mawasiliano ya kompyuta mtandaoni). Nasoma kwa fgets(), inayochukua mstari mmoja mmoja, kituo kimoja kimoja. Mvua ikikaza Rungwe, mtandao wa Tukuyu unasuasua, skripti inaganda hapo dakika nzima huku Uyole na Mbozi wameshatuma. Wakulima wa viazi wanasubiri vipimo hivi ndipo wapige dawa ya ukungu. Nimeweka stream_set_blocking($s, false), yaani isome bila kusubiri. Kuganda kumeisha, ila CPU inapanda hadi 100% na mistari mingine inafika nusu. Nifanyeje?

Fundi Mafinga: Mkuu, hiyo dakika ni default_socket_timeout, muda ambao PHP inasubiri soketi, ambao usipoguswa ni sekunde 60. CPU inapanda kwa kuwa lupu yako inauliza "kuna data?" bila kupumzika. Zipe soketi zote tatu stream_select(), yenyewe italala mpaka mojawapo ipate data. Muda wa kusubiri usiweke 0, utarudi kulekule. Halafu arei (orodha) ya soketi unayoipa inabadilishwa, zinabaki zilizo tayari tu, kwa hiyo iandae upya kila mzunguko.

Kijana wa Uyole: Asante sana mkuu. Na mistari nusu?

Dada wa Njombe: Kaka, TCP inaleta baiti tu, haijui mstari wako unaishia wapi. Kila soketi iwe na bafa yake (hifadhi ya muda): soma kwa fread(), ongeza kwenye bafa, kata ukikuta "\n" (alama ya mwisho wa mstari), kinachobaki kingoje. Ukipata tupu, pima feof(), inayosema kama upande wa pili umefunga, kabla ya kuamua. Ikiwa kweli, funga soketi na uitoe kwenye arei. Ukiiacha, stream_select() itakuambia iko tayari milele na CPU itapanda tena.

Mzee wa Kodi: Hamia PHP 8.1 utumie Fiber (kazi unayoweza kuisitisha na kuiendeleza), yaishe.

Fundi Mafinga: Hapana mzee wangu. Fiber peke yake haiizuii fgets() kuganda, bado utahitaji lupu ya kuziamsha. Vituo vikiongezeka sana atazame maktaba ya ReactPHP, ingawa hata hiyo, bila ekstensheni za ziada, ndani inatumia stream_select() hiyohiyo. Kwa soketi tatu, namshauri aiandike mwenyewe aielewe.

Dada wa Njombe: Jambo moja zaidi, hasa kwa Tukuyu. Mtandao ukikatika ghafla, feof() haitakuambia kitu. Tunza saa ya kipimo cha mwisho cha kila kituo. Kikikaa kimya kupita kawaida yake, funga, unganisha upya.