PCB (Fizikia, Kemia, Biolojia), vyuo 14 kwenye orodha: tuchuje kwa kozi au kwa chuo?

Ipuli_Tabora: Wadau, mdogo wangu kamaliza kidato cha sita: Kemia C, Biolojia D, Fizikia E. Kaandika vyuo 14. Anataka udaktari kwanza, kisha uuguzi, tiba ya mifugo, kilimo. Kila chuo kinatoza ada yake ya maombi, hatuwezi kuomba vyote.

Mwl_Urambo: Anzeni na kozi. Chukueni mwongozo wa TCU (Tume ya Vyuo Vikuu) wa mwaka huu, ule wa waliomaliza kidato cha sita. Upo mwingine wa wenye stashahada na watu huuchanganya, wakasoma sifa zisizowahusu. Sasa hesabuni: A ni 5, B 4, C 3, D 2, E 1. Ana pointi 6. Udaktari unataka pointi 6, na hapo ndipo wengi wanapokimbilia kulipia. Endeleeni kusoma mstari huohuo: unataka pia angalau D katika Fizikia, Kemia na Biolojia. E ya Fizikia inamtoa, iwe Muhimbili au Bugando. Futeni udaktari wote, orodha itapungua leo hii.

Binti_Kasulu: Uuguzi msiufute. Someni sharti la kila somo, E ya Fizikia inaweza kupita huko. Baada ya hapo angalieni safu ya nafasi kwenye mwongozo huo: kutimiza sifa si kuchaguliwa. Nafasi zikiwa chache, wenye pointi 6 wanasimama nyuma ya wenye 9 na 10.

Reli_ya_Kati: Mimi ningechuja kwa chuo baada ya hatua hiyo. Fomu ya chuo kimoja huruhusu kupanga kozi kadhaa kwa mpangilio, kwa hiyo ada moja inanunua zaidi ya jaribio moja. SUA (Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro) ina kilimo na tiba ya mifugo pamoja. Morogoro, na Dodoma kwenye UDOM (Chuo Kikuu cha Dodoma), zote ziko kwenye reli, nauli kutoka Tabora haiumizi.

Mwl_Urambo: Sawa, ila kozi zote za fomu moja zisiwe za ushindani mkali. Ya mwisho iwe ile ambayo sifa zake anazizidi kwa mbali. Na tiba ya mifugo ni miaka 5, pigeni hesabu ya chakula na chumba kabla ya kuiweka juu. Vyuo vitatu vinatosha.

Kibirizi_Kgm: Wekeni na stashahada pembeni, kupitia NACTVET (baraza la elimu ya ufundi na mafunzo ya ufundi stadi). Chuo cha Nyuki kiko hapohapo Tabora, cha uvuvi kiko huku Kibirizi, Kigoma. Akimaliza na GPA (wastani wa alama) ya 3.0 anaweza kuomba shahada.

Binti_Kasulu: Akichaguliwa zaidi ya chuo kimoja, lazima athibitishe kimoja kwa namba ya siri inayokuja kwa ujumbe wa simu, ndani ya muda uliotangazwa. Laini aliyojazia fomu isizimwe wala kuazimwa mtu. Mkopo nao ni ombi tofauti, HESLB (Bodi ya Mikopo), na namba ya mtihani ya kidato cha nne ifanane na ile ya fomu za vyuo.

Ipuli_Tabora: Tumebaki na SUA, UDOM na chuo kimoja cha uuguzi. Asanteni sana.