Sange wa Arabuko-Sokoke: picha zinatoka giza na ukungu

MpigaPicha_Malindi: Wadau, nina lenzi ya milimita 300, tundu lake kubwa kabisa ni f/5.6. Sange mwenye kiuno cha dhahabu, yule mnyama mdogo wa pua ndefu wa msitu wa Arabuko-Sokoke hapa pwani ya Kenya, anatoka kivuli tupu chenye mkia, na asubuhi lenzi ina ukungu. Nakosea wapi?

Mkaa_Gede: Kasi ya shata ni ndogo hiyo. Anza 1/500 ya sekunde akiwa anachakura majani; akitimka hata 1/1000 haitoshi. Fungua tundu la lenzi lote, ISO (usikivu wa kamera kwa mwanga) 3200 mpaka 6400. Chenga za picha zinavumilika, picha iliyotikisika haina dawa. Tumia nukta moja ya fokasi, la sivyo kamera itashika vijiti vya mbele. Halafu kwenye fidia ya mwanga (+/-) punguza nusu hatua au zaidi kidogo: msitu ni mweusi, kamera inaongeza mwanga, ile manjano ya kiunoni inaungua ikawa nyeupe.

Usimkimbize. Kaa chini, sikiliza majani makavu. Huyu ni mnyama wa mchana, hushika eneo lake, atapita tena.

BintiSabaki: Ukungu ni wa chumba chenye eisii. Lenzi baridi ikikutana na joto la pwani, unyevu unakuwa matone madogo kwenye kioo. Funga kamera ndani ya mfuko wa plastiki kabla ya kutoka, ifungue baada ya nusu saa. Usifute kwa shati!

Mkaa_Gede: Naam. Na flashi iache nyumbani, hasa ukionyeshwa bundi wa Sokoke amelala mchana.

MpigaPicha_Malindi: Ahsanteni. Kumbe nilikuwa 1/80.