Ushauri: maji ya mvua ya majirani yote yanaishia kwangu, kisima kinanuka. Nijenge ukuta?

Mteremkoni: Wakuu, heshima kwenu. Naishi Segerea, Dar es Salaam, upande unaoshuka kuelekea Mto Msimbazi. Zamani mvua ikinyesha, maji mengi yalizama humohumo kwenye viwanja vya wenzangu wa juu. Siku hizi kila mtu kamwaga zege au kapanga pevingi uani, kwa hiyo yote yanashuka kwangu kwa kasi, yanapita pembeni ya kisima cha ringi, yanaguguna kona ya choo, halafu yanaingia mtoni. Masika hii maji ya kisima yaligeuka rangi ya chai ya maziwa, na harufu juu. Kuna mtu huko juu, mvua ikikolea usiku, anatapisha choo. Fundi anasema nipandishe ukuta wa tofali. Bajeti yangu ni ya kuungaunga. Mnanishauri nini?

FundiMitaro: Huo ukuta usijenge. Udongo wa nyuma ukishiba maji unausukuma, na tofali haliwezi. Ukilazimika, jenga wa mawe, acha matundu ya kutolea maji kwa chini na ujaze kokoto nyuma yake. Ila kwanza yape maji njia: chimba mtaro unaokatiza mteremko juu ya kisima, uyazungushe. Kwenye mwisho wake panga mawe makubwa yavunje kasi, la sivyo baada ya misimu miwili una korongo.

Mama Wawili: Na ukishayazungusha yanaenda kwa nani? Jirani wa pembeni naye ataanzisha uzi wake hapahapa.

FundiMitaro: Ndiyo maana mtaro mnakubaliana kwanza, jembe baadaye.

BwanaAfya Mstaafu: Mnazungumzia ukuta wakati watu wanakunywa hayo maji? Kipindupindu hakingoji bajeti. Kisima na choo vimeachana umbali gani?

Mteremkoni: Havifiki mita 15, mzee wangu. Na choo ndicho kiko juu.

BwanaAfya Mstaafu: Basi hicho ni kisima cha kufulia na kudekia. Tunashauri angalau mita 30, na choo kiwe upande wa chini. Pandisha ringi juu ya usawa wa ardhi, weka mfuniko na sakafu ya saruji kukizunguka, ili maji ya juu yasiingie moja kwa moja. Yanayopenya chini kwa chini bado yatakuja. Ya kunywa chukua ya bomba na uyachemshe. Ukitumia vidonge vya klorini, usitie kwenye maji ya tope, maana uchafu unakula dawa. Yatulize, yachuje kwa kitambaa safi, ndipo utie kwa kipimo cha kwenye pakiti na usubiri nusu saa.

GataKwanza: Mimi ningeanzia juu, kwa hao wenye zege. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Paa la mita za mraba 80 likipigwa na mvua ya milimita 50 linashusha kama lita 4,000. Hiyo ni nyumba moja! Wakiweka gata na tanki, ziada ikaingia kwenye shimo la kokoto mbali na vyoo, kwako yatafika machache. Maji ya kwanza ya paa yamwagwe, yanabeba vumbi na mavi ya ndege. Pevingi nazo si lazima zijae ua mzima. Waache ukanda wa majani.

Mpenda Sheria: Wewe mwenyewe uko umbali gani na mto? Kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 kinakataza shughuli za kudumu, au zinazoweza kuharibu mazingira, ndani ya mita 60 kutoka ukingoni. Pima kabla hujamwaga zege lolote. Na huyo anayetapisha choo mripoti kwa mjumbe wenu, asionewe aibu. Kinyesi chake kinashuka hadi Jangwani, kule maji yanakotuama majumbani mwa watu.

Mteremkoni: Kutoka mtoni niko mbali, zaidi ya mita 100. Jumamosi naenda kwa wenye zege kuongelea mtaro na gata. Tatizo ni hilo la kuripoti. Anayetapisha ndiye mjumbe wetu.

Mama Wawili: Heee! Pita moja kwa moja kwa afisa afya wa kata. Nenda na wenzako wa bondeni, usiende peke yako.