Wanafunzi 36 kila Jumamosi kwenye shamba la mafunzo: kazi igawanywe vipi?

Kitalu_Utange ameuliza:

Assalam aleykum na hamjambo nyote. Ninasimamia kazi za nje kwenye shamba la mafunzo la chuo, huku Kisauni, Mombasa. Udongo ni mchanga mtupu. Kuna matuta 48 ya mboga (mchicha, kunde, bamia, biringani), kila tuta mita 1 kwa 20, na yote yana mipira ya kumwagilia kwa matone. Pembeni kuna jaribio la samadi kwenye kunde: viwango vinne, marudio matatu, jumla vipande 12.

Wafanyakazi wa kudumu ni watatu. Kila Jumamosi wanakuja wanafunzi wa kujitolea, kwa kawaida 36, na wengi wao hawajawahi kushika jembe. Watu wapo lakini kazi haionekani. Nusu saa ya kwanza hupotea kwa kugombania majembe. Ikifika saa nne asubuhi matuta mengi yamepaliliwa nusu, miche imeng'olewa pamoja na magugu, na mipira imekatwa. Mwalimu mwenye jaribio naye anasema takwimu zake zinaharibika.

Vuli inakaribia na nataka kupanda bamia matuta 12 katikati ya Oktoba. Nipange vipi?

BwanaShamba_Bamburi:

Waaleykum salaam ndugu yangu. Anza na matuta, watu watajipanga nyuma yake. Ijumaa jioni mfanyakazi mmoja apite shamba zima na vijiti vyenye utepe, achomeke mwanzoni mwa kila tuta linalohitaji kazi kesho yake: rangi moja ni kupalilia, ya pili samadi, ya tatu kuvuna. Tuta lisilo na kijiti haliguswi. Hilo peke yake litaondoa nusu ya fujo, kwa sababu mgeni akikosa la kufanya huingia tuta lolote.

Kisha pima kasi. Wape wanafunzi wawili wageni tuta moja walipalilie, nawe ushike saa. Tuseme wametumia dakika 50. Ukianza saa 12:30 asubuhi na kumaliza saa 4:00, toa nusu saa ya maelekezo na chai, zinabaki saa tatu. Kila jozi itamaliza matuta matatu. Weka jozi 9 kwenye palizi, upate matuta 27, na yote 48 yatakuwa yamezungukwa ndani ya wiki mbili. Wanaobaki ni 18: watatu viongozi wa palizi, sita samadi, watatu kuvuna, sita kitaluni na kwenye mipira. Magugu yakipita kifundo cha mguu hesabu hiyo inavunjika, pima upya.

Kila jozi tatu ziwe na kiongozi mmoja, mwanafunzi ambaye ameshakuja angalau mara tatu. Viongozi wafike saa 12:00 kamili na watembezwe kwenye matuta yao kabla ya wenzao kufika. Kiongozi hashiki jembe. Kazi yake ni kutazama, kusahihisha, na kuandika kwenye daftari: namba ya tuta, jozi, saa ya kuanza, saa ya kumaliza, na nani amelikagua. Jozi haihami tuta mpaka kiongozi atie alama. Matuta nusu-nusu yanatokana na kukosa kanuni hii, wala si uvivu wa wanafunzi.

Kuhusu miche kung'olewa: mchicha mchanga na mchicha pori hata mzoefu huchanganya. Usimwage mbegu ovyo. Changanya kiganja kimoja cha mbegu na viganja kumi vya mchanga mkavu, uifuatishe mistari ya sentimita 30, kina nusu sentimita. Hapo maelekezo kwa mgeni yanakuwa sentensi moja: kilicho nje ya mstari kinatoka. Ndani ya mstari aguse kiongozi tu.

Majembe yapigwe namba kwa rangi na yanolewe kwa tupa Ijumaa. Jembe moja kwa jozi linatosha: mmoja analima, mwenzake anaokota. Jozi na jozi ziachane angalau mita tatu.

Samadi kwenye mchanga huo tia kilo 2 kwa kila mita ya mraba, yaani kilo 40 kwa tuta. Pima toroli moja kwenye mizani mwanzoni ujue linabeba kilo ngapi, kisha hesabu matoroli. Ukiwaambia tu "tia samadi", tuta la kwanza litapata mlima na la mwisho litapata vumbi.

Mizani_Mtwapa:

Nakubaliana na aliyetangulia, ila vile vipande 12 vitoe kabisa kwenye hesabu ya Jumamosi ya kawaida. Jaribio lina kanuni yake, na ndiyo inayovunjwa hapo.

Rudio moja lina vipande vinne, kimoja kwa kila kiwango cha samadi. Kundi moja likipalilia vipande visivyo na samadi leo, na kundi jingine likapalilia vyenye samadi nyingi wiki ijayo, mwalimu atapima tofauti ya palizi akidhani anapima samadi. Kwa hiyo kazi igawanywe kwa rudio: watu walewale wamalize vipande vyote vinne siku moja, kwa zana zilezile. Rudio la pili linaweza kupewa kundi jingine, hata siku nyingine, maana tofauti hiyo inaangukia kati ya marudio na hesabu inaweza kuitenga. Mvua ikikatiza, simameni mwisho wa rudio. Ikiwa mna shaka kwamba litaisha, msilianze.

Vibao vya vipande viandikwe namba tu, visitaje kiwango cha samadi. Mwanafunzi akijua kipande kipi "kinatakiwa" kushinda, mkono wake utakitunza zaidi bila yeye kukusudia.

Siku ya mavuno, anzeni kwa kuvuna mistari ya pembeni ya kila kipande, ambayo haipimwi, na kuitoa shambani kabisa kabla mwingine yeyote hajaingia. Baada ya hapo mgeni hana cha kuchanganya. Mizani iwe moja kwa vipande vyote. Karatasi ya namba mbili kwa kila mfuko, moja ndani na moja nje, ziandikwe kwa penseli. Wino wa kalamu unachuruzika kwa unyevu wa kunde mbichi.

Jambo jingine: kunde zisiguswe majani yakiwa na umande. Magonjwa ya bakteria husafiri kwa mikono na nguo zilizolowa kutoka mmea hadi mmea. Saa 12:30 anzeni na samadi, njia, na kuvuna mchicha ambao unafaidika na ubaridi wa asubuhi. Kunde zingojee majani yakauke.

Matone_Likoni:

Mipira inakatwa kwa sababu imelala palepale jembe linapopita. Kabla ya palizi, wale sita wa kitaluni wafungue vigingi na kuisogeza yote upande mmoja wa tuta, kisha wairudishe baada ya ukaguzi. Weka ndooni viungio vya milimita 16 na vizibo, na anayekata mpira aseme papo hapo. Msimkaripie anayesema, kwa sababu mpira uliofukiwa ukiwa umekatwa utamwaga maji wiki nzima bila mtu kuona.

Hesabu ya maji: mpira wa mita 20 wenye tundu kila sentimita 30 una matundu 66 hivi. Tundu likitoa lita 1.6 kwa saa, hiyo ni lita 105. Mipira miwili kwa tuta inatoa lita 210 kwa saa. Wakati wa joto tuta la mita 20 za mraba linataka kama lita 100 kwa siku, yaani nusu saa, lakini mchanga haushiki: gawa robo saa asubuhi na robo saa jioni. Ukifungua nusu saa kwa mkupuo, maji yanapita chini ya mizizi pamoja na mbolea.

Maji ya visima vya huku yana chokaa, na matundu huziba. Kila Jumamosi watu wawili wafungue ncha za mipira, waache maji yatoke mpaka yawe safi, na waoshe chujio. Ni kazi nzuri kwa aliyefunga Ramadhani au asiyeweza jua kali.

Kwa wengine wote, maji ya kunywa lita moja kwa mtu kwa kila saa, na yawepo pale matutani, si bandani. Na kupuliza dawa iwe kazi ya wafanyakazi wa kudumu peke yao, siku ambayo wanafunzi hawapo. Tuta lililopulizwa liwekwe kibao chenye tarehe mbili zinazohesabiwa kutokana na lebo ya dawa: ya kuruhusiwa kuingia na ya kuruhusiwa kuvuna.

Kitalu_Utange:

Shukran sana. Mawili bado. Ndago imejaa matuta ya kusini, ikipaliliwa inarudi ndani ya wiki. Na chuo kikifungwa Desemba nabaki na wale watatu tu.

BwanaShamba_Bamburi:

Ndago ikikatwa juu huchipua tena kutoka kwenye vitunguu vyake ardhini, na jembe likikata mnyororo wa vitunguu, kila kimoja kinaamka kivyake. Matuta hayo tumia fokojembe, mchanga ukiwa na unyevu kidogo. Mmoja anainua, mwenzake anafuata uzi kwa vidole mpaka kitunguu cha mwisho. Vitiwe ndooni, vianikwe juani kwenye sakafu ya saruji mpaka vikauke kabisa, visiingie kwenye mboji. Rudieni kila wiki mbili au tatu, kabla chipukizi halijatengeneza vitunguu vipya. Itachukua msimu mzima, na matuta hayo usiyape mchicha kwa sasa.

Ama Desemba, hapo kuna kosa kwenye mpango wa bamia. Bamia huanza kuvunwa siku 50 hadi 60 baada ya kupandwa. Ukipanda katikati ya Oktoba, mavuno yanaanza wanafunzi wakiwa wameshaondoka, nayo hutaka kuchumwa kila baada ya siku mbili. Ikiachwa, matunda yanakuwa magumu na mmea unapunguza kuzaa. Matuta 12 kwa watu watatu wenye kazi nyingine hayawezekani. Panda matatu tu.

Yale tisa yawekee biringani: sia kitaluni mwanzo wa Oktoba, hamisha miche katikati ya Novemba saa kumi jioni jua likipoa, sentimita 60 kati ya mche na mche. Pimeni kwa kamba ya manila (ya plastiki) yenye mafundo, kwa kuwa ya katani hunywea ikilowa na nafasi zinapungua. Wakati wa likizo itahitaji maji na palizi ndogo, si kuchumwa. Tandaza nyasi kavu sentimita tano, zisiguse shina.

Mchicha usiupande ikiwa zimebaki chini ya wiki tano kabla ya kufunga.

Mizani_Mtwapa:

Dada Kitalu, naongeza hapo: kama kunde za jaribio nazo zitakomaa Desemba, zungumza na mwalimu sasa hivi. Maganda makavu ya kunde hayangoji chuo kifunguliwe. Mvua za mwisho za vuli zikiyakuta yamekauka, punje huota ndani ya ganda. Tengeni viongozi wanne waliozoea ambao makwao ni hapa Mombasa, na waandikwe majina kabla ya mitihani kuanza. Rudio moja kwa siku, siku tatu, na yamekwisha.