Naomba ushauri: taa za nje, sola au umeme? Nipo Goba

Kijana wa Goba: Wakuu, heshima zenu. Uwanja wangu una kama mita 20 kwa 25, ukuta umeshapanda, geti la chuma lipo. Usiku ni giza totoro, na wiki iliyopita wameingia wakabeba pampu ya maji. Usingizi umenipotea. Nimenunua Kariakoo taa sita za LED za wati 100, mwanga mweupe. Swali langu ni dogo tu: nizifunge zote ukutani au nichanganye na za sola? Nawasilisha.

Bibi Kibada: Pole mwanangu. Sisi huku Kigamboni walibeba mpaka kamba ya kuanikia nguo, na taa ilikuwa inawaka. Aliyetusaidia ni mbwa. Fuga mbwa, na usali kabla ya kulala.

Hesabu Kwanza: Taa sita za wati 100 kwa saa 12 ni uniti 7.2 kila usiku, yaani 216 kwa mwezi. Kama upo kwenye kundi la bei nafuu, la wanaotumia chini ya uniti 75 kwa mwezi, siku ya 11 umeshatoka, hapo hujawasha hata feni. Uwanja huo zinatosha taa tatu za wati 20, na ile ya nyuma iwe na sensa ya kuiwasha mtu akipita. Chukua mwanga wa njano, 3000K. Ule mweupe wa 6500K utakuletea kumbikumbi mlangoni.

Mla Bata: Kumbikumbi si mboga hiyo? Mwacheni jamaa ale.

Hesabu Kwanza: Na sola uwe macho. Paneli ya ukubwa wa daftari haitoi wati 200 hata boksi liandikwe nini.

Fundi Kivule: Mleta mada, umeme unautoa wapi? Umepitisha waya gani?

Kijana wa Goba: Fundi ni shemeji yangu. Ametoa kwenye soketi ya pampu, waya mweupe ule bapa, kaufukia. Mbili za getini zimeshafungwa na zinawaka vizuri. Mimi nimeuliza idadi tu.

Fundi Kivule: Waya wa ndani ya nyumba umefukiwa bila bomba? Taa za getini zimefungwa kwenye nini?

Kijana wa Goba: Nguzo ya chuma.

Fundi Kivule: Ukiigusa?

Kijana wa Goba: Mvua ikinyesha inatekenya kidogo. Si sana. Shemeji anasema ni kawaida ya chuma, na nimeshamlipa nusu.

Fundi Kivule: Si kawaida. Umeme unavuja na nguzo haina ethi, yaani waya wa kuupeleka ardhini. Mtu mwenye viatu anatekenywa. Mtoto peku kwenye tope anakufa. Zima breka ya hiyo laini sasa hivi, ndipo tuongee.

Bibi Kibada: Mnaona? Kazi ya nyumba usimpe ndugu. Wangu alinijengea choo, mlango ukafungukia ukutani.

Mpemba wa Ilala: Chai hii. Mwezi wa pili huyu huyu alifungua uzi analia kodi ya chumba Sinza. Leo ana uwanja wa mita 20 kwa 25?

Mla Bata: Duh. Nasogeza kiti.

Hesabu Kwanza: Na mimi nimepoteza muda kupiga hesabu.

Kijana wa Goba: Sinza ndipo ninapopanga. Nyumba ni ya mama, yupo Tanga anauguza, kaniachia niisimamie. Anayekaa humo ni dada na mumewe, ndiye huyo fundi. Nikimtoa kazini dada ataniambia nimemdhalilisha mumewe kwenye nyumba ya mama.

Mpemba wa Ilala: Hilo ungelisema mwanzo.

Fundi Kivule: Iwe chai isiwe chai, nguzo inavuja. Tafuta fundi mwenye leseni ya EWURA. Laini ya nje iwe na breka yake inayokata umeme ukivuja, waya wa kufukia wenye ethi, taa ziwe IP65, zisizoingia maji wala vumbi. Shemeji mwambie mwenye nyumba ametaka ukaguzi.

Kijana wa Goba: Nimempigia dada, amezima breka. Watoto wake wawili huwa wanacheza pale getini jioni. Kaka Fundi, kufukia ni kina gani?

Fundi Kivule: Nusu mita kwenda chini, na juu yake weka matofali, jembe lisiufikie.