Tupeane uzoefu: Shule ilitimiza wajibu wake kwa mwanao mwenye ulemavu?

Habari zenu wadau. Wazazi wengi tunaingia ofisi ya mwalimu mkuu kinyonge, kama tunaomba fadhila. Siyo fadhila. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu wa 2006, Ibara ya 24, unazitaka nchi zilizouridhia zihakikishe elimu jumuishi, yaani wenye ulemavu kusoma pamoja na wenzao, ngazi zote. Ibara ya 2 inahesabu kunyimwa marekebisho stahiki (mabadiliko anayohitaji mtu mwenye ulemavu ili ashiriki sawa na wenzake) kuwa ni ubaguzi, hata kama hakuna aliyemtukana mtoto wala kumfukuza.

Naanza mimi. Binti yangu ana uoni hafifu. Mitihani ilikuwa inatolewa kwa fotokopi iliyofifia, 3 na 8 hazitofautiki. Nikilalamika kwa mdomo naambiwa "tutaliangalia". Nikaandika barua, nikataja kila kitu: maandishi makubwa ya pointi 18, karatasi isiyong'aa, muda wa ziada. Wakajibu kwa barua, na mtihani uliofuata ukaja umechapwa upya. Alama za hesabu zikapanda, kumbe hesabu alikuwa anazijua siku zote. Nanyi mliomba nini, mkajibiwaje?

BabaPacha: Hongera mama. Kijana wangu anatumia kiti mwendo. Shule ilijenga mteremko mzuri mlangoni, lakini maabara iko ghorofani. Wenzake wakipanda kufanya majaribio, yeye anabaki chini ananakili matokeo yao. Nikauliza kwa nini kipindi kizima kisihamie chumba cha chini. Kimehamia. Mlango wa choo bado mwembamba, nao nitaufuatilia mpaka upanuliwe.

MwalimuSayansi: Nafundisha darasa lenye wanafunzi viziwi. Mkataba hauidhinishi shule kubebeshwa mzigo uliopita kiasi, ni kweli, na mkalimani wa lugha ya alama hulipwa. Lakini mengi hayagharimu hata senti: kugeukia darasa unapoongea ili anayesoma midomo akuone, kuandika kazi ya nyumbani ubaoni badala ya kuitangaza kengele ikishalia. Inaniuma mtoto anapoadhibiwa kwa kutofanya kazi ambayo hakuisikia.

Shangazi_K: Mwalimu, na wakisema hawana bajeti?

MwalimuSayansi: Shangazi, waombe wakuandikie hivyo, wataje walichokokotoa na walichofikiria badala yake. Barua hiyo ndiyo utakayopanda nayo kwa wakubwa wao.